Mara Tatu Niliulizwa Mimi Binti Nani

Ipo siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo uso hunichoma, na mimi sasa ni bibi wa wajukuu kumi na mmoja. Ni siku niliyopambwa kwa ajili ya ndoa, nikapakwa hina mpaka viwikoni, nikafukizwa udi, na kabla ya alasiri nikawa nimerudi jikoni na gauni langu la kushindia, namenya vitunguu huku nalia, na vitunguu vikasingiziwa. Sijawahadithia wengi kisa hiki. Lakini juzi mjukuu wangu Nawal alinilazimisha nikitoe, na maadamu kimeshatoka, nawe sogea usikie.

Nawal anaolewa mwezi ujao. Tunakaa pamoja hapa Riyadh, mtaa wa Malaz, ghorofa ya pili, yeye na wazazi wake na mimi na mashuka yangu ya kutarizi. Kazi yake kubwa siku hizi, ukitoa kujaribu viatu, ni kutazama tamthilia ya Waingereza wa kale, wa zama zile mfalme wao alipopotewa na akili na mwanawe akashika utawala kwa niaba yake. Mimi hukaa naye nikatazama, yeye hunifasiria. Wanawake wamefunga mikanda ya nguo chini ya matiti, wanaume wamevaa suruali za kubana mpaka mtu unaona haya kwa niaba yao, na kila mama roho juu, binti yake ataolewa na nani.

Sheria zao zilinivutia. Nawal ananiambia kwamba majina ya wachumba yalisomwa kanisani Jumapili tatu mbele ya watu, ili mwenye kujua kizuizi aseme. Hilo nililipenda; ndoa ni jambo la kutangazwa. Msichana asiyetimiza miaka ishirini na mmoja alihitaji ridhaa ya baba yake, na walionyimwa ridhaa walipanda gari la farasi wakakimbilia Uskoti, ambako sheria ilikuwa nyepesi. Hapo nikacheka, maana hata sisi tuna Uskoti zetu. Lakini akaniambia pia kwamba bibi harusi akishavuka mlango wa kanisa, mali yake ilikuwa ya mume, na jina lake likawa la mume. Aliitwa bibi fulani, na huyo fulani ni mwanamume.

"Na jina la baba yake linakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Linaisha, Bibi. Si ndiyo mapenzi hayo?"

Kisha akanionesha kwenye simu kadi ya harusi aliyoitengeneza. Nikavaa miwani. Nikaona jina lake, Nawal, na pembeni yake jina la ukoo wa bwana harusi. Basi. Lile la baba yake alikuwa amelifuta. "Halina mvuto kwenye kadi, Bibi," akasema. "La kizamani mno." Jina alilolifuta ni Hemedi. Huyo Hemedi ndiye mwanangu wa kwanza, na jina hilo nilimpa mimi, kama ilivyo ada yetu watu wa Unguja, mtoto kumrithisha jina la babu yake. Hemedi wa kwanza ni baba yangu mzazi.

Nikamwambia azime simu yake akae chini.

Nilizaliwa Unguja, mama yangu akafa nikiwa sijaota meno. Mwaka wa mapinduzi nilikuwa na miaka minne. Baba yangu alikuwa mshona kofia, mtu maskini wa mtaa wa Kikwajuni, na mdogo wake, ami yangu Nassor, alikuwa amepata ruhusa ya kuondoka na familia yake. Ruhusa ilikuwa ya mume, mke na watoto wake tu. Baba akaniandikisha katika karatasi ile kuwa mtoto wa Nassor, nikatolewa Unguja, yeye akabaki. Tulihangaika huku na kule, mwisho tukatua Jeddah. Ami akapata kafili mwema, yaani mdhamini wake, na kazi katika ghala la vitambaa. Ikama, kile kibali cha kuishi, ilipotoka, mimi nikawa Rukia binti Nassor. Shuleni Rukia Nassor, hospitali Rukia Nassor. Ami nilimwita Baba, mkewe Bi Asya nilimwita Mama, na walinilea bila ya kunibagua hata kwa kipande cha mkate. Wallahi sina la kuwalaumu.

Wa kulaumiwa, kwa akili yangu ya wakati ule, alikuwa mshona kofia. Maana katika yote ya Unguja nilikumbuka jambo moja tu. Nilikumbuka nimeshika kanzu ya baba yangu, na mkono wake unanibandua vidole, kimoja baada ya kimoja, mpaka nikaachia. Hakuniangalia. Nilikua na kumbukumbu hiyo moyoni, na kila mwaka ilizidi kuwa chungu. Alikuwa akiniletea barua kwa mkono wa mahujaji, kila msimu wa hija barua moja. Nilizitia katika kopo la biskuti bila ya kuzifungua. Bi Asya alinisihi, "Mwanangu, japo moja." Nikasema baba yangu ni Nassor, huyo mwengine simjui. Kijana akikasirika huona ametunga sheria.

Nilipofika miaka ishirini nikaposwa na Suleiman, kijana wa kwetu, watu wake wanakaa hapa hapa Riyadh. Nilimpenda, sikufichi. Alikuwa na sauti ya taratibu na hakuwa na haraka na mtu. Watu wake walikuwa wenye heshima na wenye kuulizauliza, nao walijua kwamba wanaposa kwa Nassor binti wa Nassor. Ami alitaka kuwaambia ukweli. Nikamkatalia. Nilimwambia wataona tumedanganya serikali, watatuogopa, na habari ikifika ofisini ikama ya nyumba nzima itaingia matatani. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli, lakini nilikuwa najificha nyuma yake. Sikutaka kumrudisha mshona kofia katika maisha yangu. Ami, maskini, akanyamaza kwa kunipenda, na ukimya wa wazazi wakati mwengine hulea upumbavu.

Siku ya ndoa ikafika. Wanaume wamekaa ukumbini, biriani linanukia mpaka barabarani, mimi nipo chumba cha ndani nimefunikwa mtandio, wanawake wamenizunguka. Unajua ada yetu: kabla ya kufunga ndoa, mfungishaji huja na mashahidi wawili mpaka mlangoni kwa bibi harusi, akamuuliza kwa sauti kama anaridhia. Humuuliza mara tatu. Bibi harusi mwenye adabu hunyamaza ya kwanza, hulia ya pili, hujibu ya tatu, na wanawake hupiga vigelegele.

Aliyekuja kunifungisha alikuwa Maalim Shaabani, mzee wa kwetu Kikwajuni aliyehamia Jeddah baada yetu, akanisomesha chuoni huko tangu alifu mpaka nikahitimu. Mtu mkavu, ndevu haba, alikuwa akitupiga kwa bakora ya mtende na kisha akitugawia tende. Nikasikia fimbo yake imegota kizingitini. Nikajiandaa kunyamaza kwa adabu. Lakini hakuniuliza kama naridhia.

"Wewe nani, na binti nani?"

Nikashangaa. Bi Asya akanibinya bega. Nikasema, "Rukia binti Nassor."

Nikasikia shahidi mmoja anakohoa.

"Nakuuliza mara ya pili. Binti nani?"

Sasa nilielewa anachokitaka, na ndipo moyo wangu ukawa mgumu. Kupitia uwazi wa mlango nilimuona ami amesimama ukumbini, amevaa joho alilonunua kwa ajili yangu, anaangalia zulia. Ningeweza kumwokoa hapo hapo. Nikasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, "Binti Nassor!"

"Nakuuliza mara ya tatu, na ya nne haipo."

Nikajibu lile lile. Sauti haikutetemeka hata kidogo. Nilijiona jasiri, mwanangu.

Maalim akaegemea fimbo yake. Kisha akasema, si kwa ukali, "Mie nimekusomesha, sikukufunza hivyo. Hemedi yu hai, anashona kofia zake, na Nassor ni ami yako. Maadamu baba anapumua, ami hawezi kukuoza mpaka baba ampe wakala, ruhusa ya kusimama badala yake. Nikifunga leo, nitakuwa nimefunga nini? Mie sifungi." Akageuka akawaambia watu ukumbini kwamba idhini ya walii, baba wa bibi harusi, haijafika, ndoa haipo leo, biriani liliwe lisiharibike. Akatafuta viatu vyake akatoka.

Sitakueleza kelele zilizofuata. Baba yake Suleiman alisimama akauliza mbele ya watu, "Sasa sisi tunaoa mtoto wa nani?" Ami akamjibu yote palepale, kuanzia karatasi ya Unguja mpaka ikama. Wengine waliondoka bila kuaga. Wanawake walinivua dhahabu kimyakimya kama wanavyomvua maiti. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia mlangoni mwa chumba changu.

Alasiri Maalim akarudi. Hakukaa ukumbini, alivuta kiti kidogo akakaa mlango wa jiko, mimi namenya vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji.

"Umekasirika na mie?" akauliza.

"Nimekasirika na yeye," nikasema. "Alinitoa kama mtu anayegawa paka. Nilimshika, akanibandua vidole. Mie nakumbuka, Maalim. Nakumbuka!"

Mzee akaokota kitunguu kilichobingirika miguuni pake, akanirudishia. Kisha akaniuliza, "Na yule askari unamkumbuka?"

"Askari gani?"

"Nilikuwepo siku ile, nasindikiza watu wangu. Askari alikuwa anakagua karatasi. Amefika kwenu, ameona mtoto ameng'ang'ania kanzu ya mtu ambaye hayumo katika karatasi, naye analia 'Baba, Baba'. Akamuuliza Hemedi, 'Huyu mtoto wa nani?' Angesema wangu, ungebaki, na Nassor angebaki na wanawe wote. Akasema, 'Wa Nassor, mie ami yake tu, amenizoea.' Ndipo akakubandua vidole, Rukia, kwa sababu askari alikuwa anaviangalia. Hakukutazama kwa sababu angekutazama asingeweza. Nilirudi naye mjini kwa miguu. Kanzu yake ilikuwa na mikunjo pale uliposhika, na siku nyingi hakutaka ifuliwe."

Kisu kikaniponyoka. Maalim akaendelea taratibu, "Yeye alikukana mara moja ili uvuke. Wewe umemkana mara tatu ukiwa umeshavuka, mlangoni hakuna askari, nakuuliza mie mwalimu wako. Kwa karatasi sikulaumu, karatasi ni shida za dunia. Lakini mkataa kwao ni mtumwa, mwanangu, hata akivaa dhahabu."

Siku ile nililia kilio ambacho sijakilia tena, hata nilipozika mume. Nilifungua kopo la biskuti. Zilikuwa barua kumi na tatu, na kila moja ilianza vilevile: Kwa binti yangu Rukia Hemedi.

Maalim akaandika barua ya kuomba wakala, ikapelekwa Unguja kwa mkono wa msafiri. Nami nikaandika yangu, mistari minne, ya kwanza maishani. Tukangoja. Ami alikwenda mwenyewe kwa kafili wake akamweleza kila kitu. Mzee wa Kiarabu alikasirika siku mbili, hakumpokea salamu, siku ya tatu akamwambia, "Yalla, twende ofisini." Karatasi zilichukua miaka kurekebishwa, tulitozwa faini na tulihojiwa, lakini hatukufukuzwa. Na Suleiman? Baba yake alimwambia halas, tafuta pengine. Yeye akaniletea maneno kupitia Bi Asya: "Mwambie nangoja. Akija na jina lake, mie nipo." Ndiyo maana nakwambieni wasichana, mtazameni mwanamume siku mambo yanapoharibika.

Jibu lilikuja na mahujaji. Mwanamke jirani wa baba, Bi Mize, alishuka Jeddah na bahasha aliyoishona ndani ya kanga yake. Mlikuwa na wakala, umeandikwa mbele ya kadhi: Hemedi amempa wakala ndugu yake Nassor amuoze binti yake Rukia kwa Suleiman. Na chini, kwa mwandiko wake mwenyewe, aliongeza kwamba siku ya ndoa wamjulishe tarehe, apike kahawa. Hakutaja neno la lawama. Ningependa hata alaumu kidogo.

Tukaoana. Maalim aliniuliza mara tatu, na mara tatu nikamjibu binti Hemedi, nikiwa na makamasi. Watu wa Suleiman walileta kilemba cha baba, kama ada, kitambaa kizuri cha rangi ya maziwa. Ami Nassor alikipokea, akakibusu, akampa Bi Mize arudi nacho Unguja. Tulisikia baadaye kwamba kilipofika, mshona kofia alikivaa, akatoa kahawa kwa mtaa mzima, akakaa nje ya mlango wake kutwa akipokea mikono ya pongezi, harusi yenyewe ishapita mwezi na zaidi.

Ilinichukua miaka tisa kumfikia. Karatasi, mimba, safari za Riyadh na Jeddah, visingizio, na haya. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nikaenda, nimemshika mkono mwanangu Hemedi, baba yake huyu Nawal. Nikapelekwa mpaka mlango mdogo wa mbao. Nikapiga hodi.

"Nani?" sauti ya mzee ikauliza kutoka ndani.

"Rukia," nikasema. "Rukia binti Hemedi."

Cherehani ikasimama.

"Nani?"

"Rukia binti Hemedi."

"Nani?"

Nikadhani masikio yamechoka. Nikapaza sauti mpaka majirani wakatoka, nikasema kwa mara ya tatu, na mtoto akaanza kulia kwa mstuko. Ndipo mlango ukafunguka. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani. Akasema, "Karibu mwanangu," akashika vidole vyangu, akavikamata, hakuviachia mpaka magharibi. Bi Mize alinitonya jioni ile kwamba masikio ya baba yangu hayana kasoro yoyote. Husikia mpaka kofia inayodondoka chumba cha pili.

Basi hayo ndiyo niliyomwambia Nawal, na sasa nakwambia wewe. Mapenzi ya mume ni neema, nami niliyapata. Lakini mume anayekupenda hakuhitaji uje kwake huna ulikotoka. Hata hapa Saudia, mwanamke huolewa, huzaa, huzeeka na kuzikwa kwa jina la baba yake. Waingereza wa ile tamthilia walikuwa na sheria yao, wameishi nayo, Mungu awarehemu. Wewe yako usiitupe kwa sababu ya pambo la kadi. Na kabla hujamhukumu mzazi kwa jambo unalolikumbuka, tafuta mtu mzima aliyekuwepo umuulize nini hukukiona. Mtoto huona mkono, hamuoni askari.

Kuna binti wa Kikenya anakuja kunisalimia Ijumaa, anafanya kazi kwenye jumba moja Al-Malqa. Amekuja na pasi ya kusafiria ya dada yake, madam anamwita kwa jina la dada yake, na sasa kuna mtu kwao anataka kumuoa. Aliniuliza, akiniita bibi kwa msemo wa kwao, "Shosho, nimwambie ama ninyamaze tu?" Nawe kama una karatasi isemayo vingine, nakujibu kama nilivyomjibu yeye. Sitakuhukumu, dunia ina milango myembamba. Lakini mwambie mwenzako kabla ya ndoa, wala usingoje uulizwe mlangoni, na ianze kurekebishwa siku utakayopata nafasi. Usiache uongo uliokuvusha ukageuka nyumba yako.

Usiku ule Nawal alichukua simu yake akaenda chumbani kwake. Asubuhi nilikuta simu yake imewekwa juu ya mto wangu, kadi iko wazi. Ameandika Nawal binti Hemedi bin Suleiman, herufi kubwa kuliko za bwana harusi, mpaka nikamwambia apunguze kidogo, tusije tukavunja uchumba mwengine katika ukoo huu.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe mwenzi wa kukungoja, na mwalimu wa kukukatalia ukikosea. Na siku utakayosimama mbele ya mlango wa waliokupenda, ukaulizwa nani, akujaalie uwe na jina la kujibu, na wao wawe bado ndani.